Alkoholi, sianidi na kundi lisilotaka kutoka: nisaidieni hapa

Kaboni_ya_Nne ameuliza:

Wakuu, habarini.

Mimi na mwenzangu tunasoma kemia ogani na tumebishana mpaka tumenuniana. Swali lenyewe: una 1-butanoli, unataka pentanenitrili, yaani uondoe OH na uweke CN ili mnyororo upate kaboni ya tano. Mimi nikasema OH haitoki hivi hivi, lazima kwanza igeuzwe. Mwenzangu akasema dawa ni nyepesi tu: tia asidi ya salfuriki, OH ichukue protoni iwe maji, maji yatoke, sianidi ya sodiamu iingie. Ukichora, mishale yote inakaa vizuri, nikakosa la kumjibu. Lakini kitabu kinazunguka kupitia kiwanja cha kati kiitwacho tosilati, na hakisemi kinazunguka kwa nini.

La pili ndilo linalonikera zaidi. Tunaambiwa kundi zuri la kuondoka ni lile linaloweza kubeba jozi ya elektroni na kukaa nayo bila shida. Florini inavuta elektroni kuliko elementi zote. Sasa inakuwaje floridi iwe ya mwisho na iodidi ya kwanza? Naombeni msiniambie "kariri jedwali". Jedwali ninalo.

Mdau_Sambamba:

Mkuu, besi dhaifu ndiyo kundi zuri la kuondoka, basi. HI ni asidi kali kuliko HF, kwa hiyo iodidi ni besi dhaifu kuliko floridi, kwa hiyo inaondoka vizuri. Mengine mbwembwe.

Kaboni_ya_Nne:

Asante mkuu, ila hilo ndilo jedwali lenyewe. Nauliza kwa nini HI ni kali kuliko HF wakati florini ndiyo yenye mvuto.

Mzee_Kondensa:

Nianze na hilo la pili, maana ukilishika, la kwanza halitakusumbua.

Kuvuta elektroni ukiwa bado ndani ya bondi ni jambo moja. Kubaki na jozi nzima peke yako baada ya bondi kukatika ni jambo lingine. Florini ni hodari kwa lile la kwanza. Kwa la pili inategemea umeilinganisha na nani. Tembea kwa mlalo kwenye jedwali la elementi: kaboni, nitrojeni, oksijeni, florini. Atomi hizi zinakaribiana ukubwa, kwa hiyo mwenye mvuto zaidi ndiye anayeivumilia chaji hasi vizuri zaidi. Tazama pKa (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi): methani iko karibu 50, amonia 38, maji 15.7, HF 3.2. Hapo mvuto unafanya kazi vile vile ulivyotegemea, na ndiyo maana huoni mtu mwenye akili timamu akichora CH₃⁻ au NH₂⁻ ikiondoka kwa SN2, yaani ule ubadilishanaji wa hatua moja, mmoja akiingia mwingine anatoka.

Sasa shuka chini kwenye safu ya halojeni. Huku ukubwa unabadilika sana, na ukubwa unaufunika mvuto. Iodidi ni ioni pana, chaji ile ile moja imetandazwa kwenye nafasi kubwa, kwa hiyo haina haja ya kung'ang'ania protoni wala kaboni. Floridi imebanwa kwenye nafasi ndogo na inatafuta pa kushika. HCl iko karibu −7, HBr −9, HI −10. Umeona pengo lilivyo kati ya HF na hao wengine watatu? Hizo tatu zinafuatana kwa karibu, HF imebaki peke yake kule juu.

Ila hapo ndipo watu wengi wanaishia, na mimi sikubali waishie hapo. pKa inapima kuachana na hidrojeni. Wewe unataka kuachana na kaboni. Mara nyingi vipimo hivi viwili vinaelekea upande mmoja, lakini si kitu kimoja. Floridi yenyewe ndiyo ushahidi: HF ni asidi kali kuliko asidi asetiki (4.76), kwa hiyo ukisoma pKa peke yake ungesema floridi ni kundi la wastani, linavumilika. Kwenye flaski si la wastani hata kidogo. Chukua alkili floridi ya kawaida, ipike na nyukliofili (yule anayeingia na jozi yake ya elektroni) hiyo hiyo inayommaliza ndugu yake wa bromini kwa muda mfupi, halafu uje uniambie. Utaikuta imekaa kama ulivyoiacha. Sababu ni bondi: kuikata C–F kwenye methili floridi kunagharimu karibu kilojuli 460 kwa moli. C–Cl ni karibu 350, C–Br 293, na C–I iko chini ya 240, yaani kama nusu ya ile ya kwanza. Obiti za kaboni na florini zinalingana ukubwa na bondi imejaa tabia ya chanya na hasi. Obiti ya iodini ni kubwa mno kwa kaboni, kukutana kwao ni kwa shida tangu mwanzo.

Kwa hiyo uliza mawili kila mara: bondi ina nguvu kiasi gani, na ioni ikishatoka itakaaje.

Tuje kwa mwenzako. Usinuniane naye, nusu ya hoja yake ni sahihi kabisa. OH⁻ ni kundi baya kwa sababu asidi yake (yaani yenyewe ikishabeba protoni) ni maji, 15.7. Ikipata protoni, kinachoondoka ni maji, na asidi ya maji ni H₃O⁺, −1.7. Umeruka vizio zaidi ya kumi na saba kwa protoni moja tu. Na kuna mimenyuko inayoishi kwa hila hiyo hiyo: 1-butanoli, bromidi ya sodiamu na asidi ya salfuriki, chemsha chini ya kondensa, unapata 1-bromobutani. Ukiiondoa asidi, bromidi ya sodiamu na butanoli vitakaa pamoja mpaka uzeeke na hakuna kitakachotokea.

Lakini tazama nani anayeingia. Bromidi ndani ya asidi inabaki bromidi, maana HBr ni asidi kali kiasi kwamba bromidi haioni faida ya kubeba protoni. Sianidi siyo hivyo. pKa ya HCN ni 9.2. Flaski ni moja, na asidi haichagui: kabla haijaihangaikia OH ya alkoholi (oksijeni hiyo ni besi dhaifu mno), itakuwa imeshakamata kila sianidi iliyomo. Hapo huna tena nyukliofili. Una HCN, inayochemka kwenye nyuzi 26, yaani inatoka kama mvuke kwenye maabara yenye joto la kawaida tu, na inaua. Mwambie mwenzako mishale yake ni mizuri kwenye karatasi, ila atakayeifanya hatapata muda wa kuandika ripoti.

Hilo halihusu sianidi tu. Amonia kwenye asidi inakuwa amoniamu na jozi yake imeisha kazi. Alkoksidi inarudi kuwa alkoholi. Asetilidi inarudi kuwa alkaini. Nyukliofili yoyote ambayo ni besi ya maana haiwezi kukaa flaski moja na asidi unayoihitaji kuifungua OH. Ndiyo sababu ya kuzunguka.

Kaboni_ya_Nne:

Mzee shikamoo! Hapo kwenye "nani anayeingia" ndipo nilipokuwa nimekwama, nilikuwa naangalia anayetoka tu. Kwa hiyo tosilati ni njia ya kuifanya OH iwe kundi zuri bila kutumia asidi?

Mzee_Kondensa:

Marahaba. Ndiyo hivyo. Unachukua tosili kloridi, unaitia kwenye butanoli yako pamoja na piridini. Oksijeni ya alkoholi inaishambulia salfa, kloridi inatoka kwenye salfa, piridini inakusanya protoni. Sasa oksijeni ile ile imebeba salfonili, na ikiondoka inaondoka kama tosilati, ambayo chaji yake imegawanywa kwa oksijeni tatu. Asidi yake iko karibu −2.8. Hakuna asidi kali iliyobaki kwenye chombo, kwa hiyo flaski inayofuata unaweza kuweka sianidi ndani ya kiyeyusho cha DMSO kwa amani (amani ya kemia nasema, bado ni sianidi, glavu na chemba ya hewa palepale).

Nikwambie jambo moja la mikono ambalo vitabu vinalipita haraka. Fanya kwenye barafu, halafu acha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utaona sindano ndefu nyeupe zimejipanga ndani ya chupa. Wageni wanashangilia wakidhani ndiyo tosilati. Siyo, ni piridiniamu kloridi, ushahidi tu kwamba kazi inaendelea. Na usiwe na haraka ya kupasha moto ili imalize mapema: kloridi iliyotolewa imo humo humo, na wewe umeshatengeneza kundi zuri sana la kuondoka. Ukipasha, kloridi inaingia na kukupa 1-klorobutani. Umetengeneza mlango, usishangae akipita aliye karibu.

Enoli_Tu:

Naomba kupinga kidogo. Mzee na wengine mnaongea kama vile OH⁻ haiondoki kamwe. Kwenye kondensesheni ya aldoli OH inatoka, na mazingira ni ya besi, hakuna protoni ya kuisaidia. Tena alkoksidi zinaondoka kwenye esta kila siku tunapofanya saponifikesheni.

Mzee_Kondensa:

Pingamizi zuri, na ndiyo maana nilisema kwa SN2. Kwa SN2 kwenye kaboni ya kawaida iliyoshiba, OH⁻ haitoki, nasimama hapo.

Kwenye aldoli hali ni nyingine. Besi inang'oa kwanza hidrojeni ya alfa (ya kaboni iliyo jirani na kabonili, C=O), ioni hasi iitwayo enoleti inajengeka, na jozi ile ya elektroni ndiyo inayoisukuma OH nje kutoka ndani ya molekuli yenyewe, huku ikiacha nyuma bondi mbili iliyounganika na kabonili. Kuna anayesukuma na kuna faida mwishoni. Kwenye esta ni vivyo hivyo: haidroksidi inaingia kwanza, kaboni inapata mikono minne, oksijeni yenye chaji hasi inarudisha C=O na kumsukuma alkoksidi. Na anayetoka hana tofauti kubwa na aliyeingia, OH⁻ kwa OR⁻, kwa hiyo si ajabu. Ongeza epoksaidi pia: alkoksidi inaondoka kwa SN2 kabisa pale, kwa sababu pete ya pembe tatu imejikunja ikiwa na mkazo wa kilojuli zaidi ya 100 kwa moli, na kufunguka kunaulipa mkazo huo.

Kundi baya linaweza kutoka likilipiwa. Kwenye 1-butanoli hakuna wa kulipa.

Mtu_wa_Protini:

Hapa mnaisema vibaya floridi, mimi nitaitetea. Sisi wa protini tunaijua kama kundi zuri kupita wote! Kitendanishi cha Sanger ni 1-floro-2,4-dinitrobenzeni. Unaichanganya na protini kwenye bikaboneti, bila vurugu, amini ya mwanzo wa mnyororo inaingia kwenye pete na floridi inatoka. Ukihidrolisisha protini kwa asidi, ile amino asidi ya kwanza inabaki imeshika dinitrofenili yake, ya njano, unaitambua. Sanger aliitumia kwenye insulini na Nobel ya 1958 ikaja. Ukiweka klorini mahali pa florini mmenyuko unakwenda polepole zaidi sana, na iodini ndiyo mbaya kuliko zote. Jedwali lote limepinduka. Sasa mzee atasemaje kuhusu bondi ya kilojuli 460?

Kaboni_ya_Nne:

Duh. Sasa nimerudi sifuri.

Mzee_Kondensa:

Hujarudi sifuri. Mtu_wa_Protini amekuletea mfano ulio bora kuliko yote niliyotoa mimi.

Jiulize: bondi ya C–F inakatika lini? Kwenye SN2 hatua ni moja tu. Nyukliofili inakuja mgongoni mwa kaboni, kundi linaanza kutoka wakati huo huo, na gharama yote ya kuikata bondi imo kwenye mlima ule mmoja. Kila kilojuli ya C–F unailipa papo hapo. Kwenye SN1 ni zaidi ya hapo, maana kundi linatoka peke yake bila hata wa kusukuma.

Kwenye pete yenye nitro mbili hatua ni mbili. Kwanza amini inaongezwa kwenye kaboni yenye florini, pete inapoteza uaromatiki wake, chaji hasi inakwenda kukaa kwenye nitro. Kiumbe hicho cha katikati kinaitwa changamano la Meisenheimer. Hatua ya pili, floridi inatoka na pete inarudishiwa uaromatiki. Hatua ya polepole kwa kawaida ni ya kwanza, kule kuuvunja uaromatiki. Ya pili ni mteremko, kwa sababu kurudi kuwa benzeni kunalipa vizuri mno. Maana yake mwendo wa mmenyuko mzima unaamuliwa kabla C–F haijaguswa. Kilojuli 460 zipo, ila hazisimami mlangoni.

Na kwenye hatua ya kwanza, florini inasaidia. Hapa ndipo mvuto wake wa elektroni uliokuwa unaudai tangu mwanzo unapata kazi: unaifanya kaboni ile iwe na njaa zaidi ya elektroni, na florini ni ndogo, haimzuii anayeingia. Kwa hiyo mpangilio unakuwa florini mbele kwa mbali, klorini na bromini karibu sawa, iodini nyuma. Swali lako la pili, "mbona florini ina mvuto na bado ni ya mwisho", jibu lake kamili ni kwamba mvuto unasaidia pale ambapo kuondoka hakuko kwenye hatua ya polepole.

Kila ukipewa jedwali la makundi yanayoondoka, muulize aliyekupa: jedwali la mmenyuko gani? Mimi nisingemruhusu mwanafunzi alikariri kabla hajaweza kuonyesha kwa kidole ni hatua ipi inayokata bondi.

Mdau_Sambamba:

Sawa mzee, mbwembwe nimezifuta. Lakini iodidi inanitatiza. Ni nyukliofili nzuri na ni kundi zuri la kuondoka. Inawezaje kuwa nzuri kuingia na nzuri kutoka? Ikiwa inapenda kaboni, mbona inaiacha?

Chumvi_na_Asetoni:

Hili naomba nilijibu mimi, ndiyo kazi yangu ya kila wiki.

Upesi wa kuingia na uimara wa bondi inayopatikana ni mambo mawili tofauti. Wingu la elektroni la iodidi ni kubwa na laini, linajinyoosha kuelekea kaboni mapema, kwa hiyo mlima wa kuingia ni mfupi. Bondi inayopatikana ni dhaifu, kwa hiyo mlima wa kutoka pia ni mfupi. Haipendi kaboni wala haiichukii, inapita tu.

Ukitaka kuona kwa macho, yeyusha iodidi ya sodiamu kwenye asetoni kavu, kama asilimia 15, dondoshea matone machache ya 1-bromobutani. Ndani ya dakika tatu hivi kwenye joto la kawaida kimiminika kinachafuka, halafu unga mweupe unaanza kutua chini. Huo ni bromidi ya sodiamu. Iodidi ya sodiamu inayeyuka kwenye asetoni, bromidi na kloridi haziyeyuki, kwa hiyo kila bromidi inayotoka inazama na haiwezi kurudi. Ndiyo njia ya Finkelstein, ya tangu 1910. Weka 1-klorobutani badala yake, utakaa unaangalia kimiminika kiangavu mpaka uichovye chupa kwenye maji ya nyuzi 50. Tofauti kati ya bromini na klorini umeiona bila kifaa chochote. Floridi usihangaike.

Na kwa sababu inapita tu, tunaitumia kama dalali. Una alkili kloridi ya uvivu? Tia chembe ya iodidi ya potasiamu. Iodidi inaing'oa kloridi, halafu yenyewe inang'olewa haraka na nyukliofili yako, inarudi kwenye kiyeyusho kuanza tena.

Kaboni_ya_Nne:

Nimemwonyesha mwenzangu uzi wote. Amekubali kuhusu HCN (kimya kidogo kwanza, halafu akakubali). Sasa amekuja na lingine: anasema badala ya tosilati tungetumia fosforasi tribromidi kupata 1-bromobutani, tuisafishe, halafu sianidi kwenye flaski nyingine. Nimeshindwa kuona ubaya wake. Au kuna kitu nakikosa?

Mzee_Kondensa:

Hakuna ubaya, safari hii mpe haki yake. Fosforasi inaikamata oksijeni na kuigeuza kuwa kundi linaloweza kutoka, bromidi inaingia kwa mgongoni. Ni wazo lile lile la tosilati, fosforasi imechukua nafasi ya salfa. Kwa 1-butanoli chagua iliyopo kabatini.

Tofauti inakuja kaboni ikiwa ya kiroli, yaani imeshika makundi manne tofauti na inaweza kupangika kwa namna mbili kama kitu na taswira yake kwenye kioo, R na S. Chukueni (R)-2-butanoli mkafanye kwa njia zote mbili. Ukitengeneza tosilati, bondi ya kaboni na oksijeni haiguswi, kilichokatika ni O–H, kwa hiyo kaboni imebaki R ilivyokuwa. Sianidi inakuja mgongoni, inapindua mara moja, mnapata (S)-2-methilibutanenitrili. Ukipitia fosforasi tribromidi, bromidi inapindua mara ya kwanza, sianidi inapindua mara ya pili, na mnarudi kwenye (R). Mpangilio wa vipaumbele ni ule ule njia nzima, oksijeni au bromini au CN kwanza, kisha ethili, kisha methili, kwa hiyo herufi hazidanganyi hapa. Tegemeeni pia alkini (yenye bondi mbili) kidogo pembeni, maana kaboni ya pili na sianidi haziachi kufanya E2, yaani sianidi kung'oa hidrojeni ya jirani huku kundi likitoka.

Mwenzako achore moja, wewe chora nyingine, halafu mlinganishe.